Maswali Matatu Yaliyoingia Nyumbani Kwangu

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Nauliza kwa sababu siku ile ulipokuja kuzindua vipindi vya akili bandia shuleni, nilikuona ukishuka jukwaani umejishika kiuno. Mimi ni yule mshonaji wa sare, mwenye cherehani mkabala na geti. Tangu siku hiyo nakuombea.

Sasa, mheshimiwa, nina malalamiko. Nayaandika kwa adabu, lakini yamenifika shingoni.

Kwanza. Serikali ilileta kompyuta na mwalimu, tukapiga makofi. Hatukuambiwa kwamba watoto watafundishwa kuliuliza kila jibu la mashine maswali matatu: Nani kasema? Kajuaje? Tumehakikisha wapi? Kwa mashine, sawa. Binti yangu kayaleta jikoni. Nilimwambia kwamba Mungu hapendi vyombo vilale vichafu, akasema, "Mama, hilo tumehakikisha wapi?" Nimepekua kitabu kitakatifu wiki nzima, bado sijaliona.

Pili. Baba yake ana kovu gotini. Miaka kumi na tisa ametusimulia kuwa ni la chui. Kwa maswali mawili tu, hata la tatu halijafika, chui akageuka baiskeli. Mwanamume mzima sasa analificha goti hata nyumbani. Na mimi, mheshimiwa, nilimpendea yule chui.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Niliishia darasa la saba, lakini nikisoma rambirambi msibani hata wanaume hutoa leso. Wananiita Kinanda. Ukweli tunaujua mimi, simu yangu na Mungu: maneno yale hunitungia akili bandia. Juzi jirani yetu seremala alifariki, na kesho nasoma mimi. Binti kaomba karatasi aihakiki. Nimemnyima. Akiiona atajua, akijua atasema, na Kinanda ndio basi tena.

Kwa hiyo naomba utolewe waraka: maswali matatu yaishie getini, wazazi, waume na makatibu wasihakikiwe. Ikishindikana, vipindi vifutwe, na kile chumba cha kompyuta nipewe mimi nishonee. Kina mwanga mzuri.

Nisalimie wote nyumbani kwako, pamoja na dereva wako aliyenisaidia kusogeza meza.

Wako mtiifu,
Mshonaji wa sare (Kinanda)

N.B. Nilikuwa sijaipeleka posta barua hii. Asubuhi ya maziko, nikiwa natafuta kilemba, binti aliiokota ile karatasi. Mashine ilikuwa imeandika, nami sikuwa nimeisoma mpaka huko, kwamba marehemu ameacha mjane na watoto wanne. Binti aliuliza swali moja tu: "Mama, imejuaje?"

Seremala wetu hakuoa. Hana mtoto. Msibani mama yake mzazi alikaa safu ya mbele, na marehemu ndiye aliyekuwa mwanawe pekee. Ningemsomea wajukuu wanne mbele ya jeneza.

Nikaiacha karatasi. Nikasema tu kwamba kigoda ninachokalia nikishona alikitengeneza yeye, na mpaka leo hakijayumba. Leso hazikutoka. Ila mama yake alinishika mkono, hakuniachia mpaka mwisho.

Waraka uache. Je, kwenye vipindi hivyo mnapokea na watu wazima? Kikundini tuko ishirini na saba, na Alhamisi tuna nafasi. Tafadhali nijibu mapema.