Nzigire wa Kenmore na Pikipiki Mbili za Theluji

Sogeeni, enyi wa Louisville mnaovaa makoti Novemba na kuyavua Machi mkidhani mmeonana na baridi. Na nyinyi wa Columbus mnaokaa katikati, msiojua kama nyinyi ni watu wa joto au wa barafu. Na nyinyi wa Buffalo, majirani zangu, mnaochimbua magari yenu kila asubuhi kama wachimba dhahabu. Zimeni televisheni, punguzeni moto chini ya sufuria, kaeni. Nina habari. Nina habari kubwa kiasi kwamba tangu jana natembea sebuleni nikiongea na friji. Nawe mtandao wa simu, mtawala wa minara, unayeziunganisha koo zilizotawanyika, nakuomba kwa unyenyekevu usikatike nikiwa katikati, kama ulivyonifanyia siku ya harusi ya binamu yetu Elie.

Namsimulia mama yangu. Nzigire binti Bagula, Mwinua-Wazee wa Kenmore, mwenye soksi tatu kwa kila mguu, mzaliwa wa Bukavu, umri wake miaka hamsini na minne, ambaye jana Jumatano, saa nane mchana, mbele ya mashahidi wa majimbo mawili, alichagua pikipiki ya theluji iliyokwisha kutumika. Naam, kile chombo chenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, kinachopita juu ya theluji ambapo gari lingezama mpaka madirishani. Mama yangu. Kanunua. Bon, nianze mwanzo.

Miaka saba imepita tangu Nzigire aingie vitani na majira ya baridi ya Buffalo, na miaka yote saba alipigana akiwa ndani ya ngome. Kazini alikwenda, kwenye ile nyumba ya wazee anakowainua watu kitandani na kuwaogesha, kanisani alikwenda, kwingine kote alitazama kupitia dirisha, pazia kalishika kwa vidole viwili. Dada yake mkubwa, Mama Mkubwa Immaculée wa Louisville, alishampakia rangi chumba kizima, rangi ya parachichi, akamtumia na picha. Mwaka huu mama akaapa mbele ya simu: Januari ikiisha bila yeye kupatana na theluji, atafunga mizigo aende akaishi Louisville. Mimi Jolie, binti yake, mwenye shahada niliyoipata juzi na kazi niliyoipata wiki iliyofuata hapa North Buffalo, niliyasikia hayo. Donc ningebaki peke yangu mjini na tambi za pakiti. Nililia kidogo kwenye gari.

Ndipo akatokea Witness. Witness ni nesi, Mtanzania, anafanya kazi na mama, na ndiye jemadari wa wanawake watano wanaoendesha pikipiki za theluji. Jumapili moja akambeba mama nyuma yake kwa nusu saa tu. Mama alirudi nyusi zimeganda barafu, anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tufike nchi hii. Akaambiwa: Ijumaa tunaondoka, siku tatu, kilomita mia nne ndani ya misitu ya kaskazini, kuna nafasi moja, ila kila mtu aje na chombo chake. Mama akamtazama Witness, akatazama kalenda, akasema nikirudi kutoka huko nacheka hivi, Immaculée atatafuta mpangaji mwingine. Mnaona lilipofika jambo? Chombo kikipatikana kabla ya Ijumaa, mama anabaki. Kisipopatikana, chumba cha parachichi.

Sasa, katika ukoo wetu hakuna mtu anayenunua kitu chenye injini kabla Mjomba Birindwa hajakisikia. Birindwa, mdogo wake mama, Sikio la Kadutu, alitengeneza pikipiki za abiria huko Bukavu, mtaani Kadutu, miaka kumi na miwili. Leo anafunga maboksi katika ghala moja Columbus, na jana aliomba mapumziko yake yasogezwe ili aingie kwenye vidio. Kazi ya kushika simu ilinidondokea mimi. Niliishika kama mbeba bendera.

Tukafika kwa Bwana Gary, mzee mstaafu wa hapo Kenmore, mwenye ndevu nyeupe, gereji safi kuliko jiko letu, na pikipiki za theluji za kuuza. Ndani yake zilisimama mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, inang'aa, fupi, imechongoka mbele kama mkuki, imechorwa miali ya umeme ubavuni. Ya pili ilikuwa ndefu, pana, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na kioo kirefu cha kukinga upepo kama dirisha la posta. Nakiri mbele yenu, enyi wasikilizaji, kwamba mimi msomi niliipenda ile ya kijani kabla sijafunga mlango wa gari. Hata jina nilishaipa.

"Jolie," ikanena sauti ya Columbus kutoka kati ya maboksi, "weka mukono juu ya injini ya hiyo ya kijani."

Nikavua glovu, nikaweka. "Iko ya moto, mjomba."

Huko Ohio boksi likawekwa chini.

"Bon. Huyu muzee aliiwasha mbele mufike. Injini ya moto inakuwaka na kila mutu. Mimi nataka kuiona vile inaamuka asubuhi, haijanawa uso. Muingoje ipoe."

Nikamtafsiria Bwana Gary. Akawa mwekundu mpaka masikio. Alisema aliziwasha zote mbili ili mama asisubiri kwenye baridi, hakuwa na nia mbaya. Mama akamwambia, kupitia kwangu, kwamba anamshukuru kwa moyo huo, na kwamba tutasubiri kwenye baridi.

Hapo ukaanza mzingiro. Bwana Gary akafungua lango la gereji wazi kabisa, na majira ya baridi yakaingia na majeshi yake yote, digrii kumi chini ya sifuri, mapanga mkononi. Dakika hamsini tulisimama. Gary akaleta kokoa. Mjomba akarudi kwenye maboksi yake, akatuacha chini ya ulinzi wetu wenyewe. Miguu yangu ikajiuzulu, wa kushoto kwanza. Mama, ambaye miaka saba hakuwahi kusimama nje dakika tano, alikuwa anaizunguka ile ya rangi ya chai polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride.

"Mama, hausikii baridi?"

"Nasikia. Acha nifikiri."

Injini zikapoa. Mjomba akarudi hewani. Gary akabonyeza kitufe cha ile ya kijani. Ikakohoa mara mbili, ya tatu ikanguruma mpaka theluji ikadondoka kutoka paani. Mjomba akafumba macho, akasikiliza, msimamizi wake akapita nyuma, akasikiliza naye.

"Sauti iko muzuri," akasema. Nikaanza kushangilia. "Ngoja. Sasa mupande."

"Nani apande?"

"Weye, na mama yako, na ule muzee. Na muzigo. Muko na muzigo gani kwa gari?"

Ndani ya buti la gari kulikuwa na gunia la unga wa fufu, kilo ishirini na tano, tulilopitia dukani. Enyi wa Buffalo, mnajua kwamba Bukavu hakuna mtu anayenunua pikipiki ya kazi bila kuipakia abiria watatu na gunia, ili ionekane itakavyopanda kilima cha Kadutu. Desturi hiyo ilivuka bahari, ikapita kambi ya wakimbizi, ikafika Kenmore ikiwa nzima. Nilipomweleza Bwana Gary alinitaka nirudie. Nikarudia. Akasema miaka arobaini ameuza na kununua vyombo hivi na hakuna mteja aliyewahi kumfanya mzigo.

"Mwambie muzigo ndiye anajua ukweli wa pikipiki," mjomba akasema. "Apande."

Tukapanda. Mama mbele, mkono kwenye mpini kama malkia. Mimi katikati, simu juu. Gary nyuma, nusu yake ikiwa hewani kwa sababu kiti kilikuwa kifupi. Na gunia la fufu mapajani mwake, limekumbatiwa. Chombo kikazama. Tukakaa. Tukashuka.

Mama akainama. Hakutazama miali ya umeme wala rangi. Alitazama mgongo wa kile chombo kwa nyuma, vile anavyotazama kazini, kwa maana huyu mwanamke hatandiki kitanda kabla hajaona mwenye kitanda anainukaje.

"Haijainuka," akasema.

Na kweli. Tulishuka sote, na gunia limeshuka, na ile ya kijani imebaki imekaa chini kama mtu aliyechoka kwenye kochi. Gary akapiga magoti, akaingiza mkono, akautoa una mafuta. Kile kifaa cha kubeba uzito nyuma kilikuwa kimepasuka, kinavuja. Akakuna kichwa. Akasema hakuwa anajua. Alimnunulia mjukuu, mjukuu akahamia Florida, kikakaa chini ya turubai miaka minne.

"Sasa ile ingine," mjomba akaamuru. "Imetembea maili ngapi?"

Nikasoma kwenye mita. Maili elfu tisa.

"Elfu tisa?" Sikio la Kadutu likashtuka, likamwita mama yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Nzigire, hapana. Nakuheshimu, lakini hapana. Hiyo ni muzee. Itakufia kwa pori, halafu Immaculée atanipigia mimi simu, si weye. Mimi nasema murudi nyumbani, mutafute ingine mwezi wa pili."

Mwezi wa pili. Mnaelewa? Mwezi wa pili ni Louisville. Mkono wangu ukashuka, na mjomba kwa muda akawa anaongea na sakafu.

Ndipo Nzigire binti Bagula akachukua simu mkononi mwangu, akaisimamisha usoni pake, akasema maneno ambayo nitawasimulia wajukuu wangu.

"Birindwa, mwana wa mama yangu, sikiliza. Weye unajua pikipiki. Mimi najua bazee. Kila asubuhi naamusha bazee kumi na mbili. Kuko mama mumoja iko na miaka makumi kenda na mbili, alipeleka barua na miguu maisha yake yote. Nafika, namukuta amekaa, viatu ndani, ananiuliza juu ya nini nimechelewa. Na kuko papa wa miaka makumi saba, alikaa kwa kiti mbele ya televisheni tangu pensheni. Huyo tunamuinua batu babili na mashine. Usinihesabie maili. Uliza kama hizo maili ilizitembea na nani."

Mimi nikageuka kwa Gary, nikauliza.

Gary alisema aliitembea na mke wake. Kila Januari, majira kumi na moja, siku tano au sita njiani, mke wake nyuma amelala usingizi, ndiyo maana kiti kina egemeo. Mafuta aliyabadilisha kila msimu kabla haijalala, na daftari lipo. Sasa mke wake ana goti jipya na anasema yeye na theluji wameshamalizana. Alisema hayo akiipigapiga ile pikipiki begani, kama unavyomuaga ng'ombe mzuri.

"Iwashe," mama akasema.

Ikawaka mguso wa kwanza. Haikunguruma, ilivuma chini chini, kama friji yetu ile niliyokuwa naongea nayo. Tukapanda watatu na gunia, na safari hii Gary alikaa wote. Ikazama kwa adabu. Tukashuka, na ikainuka, taratibu, mpaka juu, kama mtu mzima anayesimama kumpokea mgeni. Mama akapitisha kidole kwenye kila jino la mkanda wa mpira; hakuna lililong'oka. Akauliza tangi, likawa kubwa, la kutwa nzima. Akaijaribu kurudi kinyumenyume, ikarudi. Kisha akavua glovu, akashika mpini, na mpini ukawa wa moto, maana una waya za kupasha mikono ndani yake. Akakaa hivyo, mikono mitupu, nje, Januari, Buffalo.

"Mjomba," nikanong'ona, "unasemaje?"

Msimamizi alikuwa anamwita, mapumziko yamekwisha. Birindwa akavua kofia yake ya kazi.

"Mimi nilisikia injini," akasema. "Yaya aliona mutu. Mumupe ule muzee pesa yake, na muombe msamaha juu ya gunia."

Wakapeana mikono. Na shujaa wetu akavaa helmeti ya Gary, akawasha, akatoka kwenda uwanja wa nyuma ya gereji kwa mwendo wa toroli, akauzunguka msonobari mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila alipopita mbele yetu alipunga mkono kama hatujaonana mwezi. Gary alipiga makofi. Mimi nilipiga picha mia moja na kumi, kati ya hizo tisini ni kidole changu.

Kisha, helmeti bado kichwani, mama akapiga Louisville.

"Dada, nimepata. Siji."

Tulisikia Mama Mkubwa Immaculée anavuta kiti, anakaa. Nikaelekeza kamera ubavuni mwa chombo, nikampitisha polepole, skii, kioo, tangi, kiti, egemeo.

"Nzigire."

"Abe, dada."

"Hapo nyuma panakaa nani?"

"Hapana mutu bado."

"Usipaahidi kwa mutu," akasema Immaculée wa Louisville, na akauliza kama Buffalo kunauzwa suruali nene za saizi yake.

Hivyo basi ijulikane katika miji mitatu, na kila kikundi cha familia kipelekewe ujumbe huu, kwamba katika mwaka wa saba wa vita vyake Nzigire binti Bagula alitoka ngomeni kwa lango kuu, na theluji, ikiwa imeshindwa kwa heshima, ikamlalia chini ya miguu. Anaondoka kesho Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Wanaotaka kumuaga waje Kenmore, na waje wamevaa.