Kila Mke Ajue Mahari Yake

Umma wote wa Mashariki, walio na wake na wanaotarajia, unatangaziwa kwamba Idara ya Hadhi ya Mume na Nidhamu ya Jikoni, yenye makao yake Jinja, ghorofa ya pili, mlango usiofunga vizuri, imeanza kazi rasmi. Idara iliundwa baada ya vikao kumi na saba, na katika vyote hakuna mjumbe aliyesinzia kabla ya chai. Wajumbe walikuwa wanaume watupu, ili kuepusha upendeleo.

Aliyekaimu ukurugenzi alikuwa Bwana Muhammed Kirunda, mtu mwenye kitambi cha wastani na mihuri mitatu. Alikuwa amekaimu vyeo mbalimbali kwa miaka sita, mpaka sokoni wakamwita Kaimu, na msikitini pia. Duniani alitaka kitu kimoja tu: kuthibitishwa. Mtu akithibitishwa hupewa kiti cha kuzunguka. Kirunda aliwahi kukikalia kiti cha namna hiyo mara moja, Kampala, mwenye nacho alipotoka kwenda msalani, na tangu siku hiyo hakuketi kwa raha popote.

Hali ya nyumba za Mashariki, kwa mujibu wa ripoti yake, ilikuwa mbaya. Huko Masese mwanamume mwenye akili timamu alionekana akianika nepi mchana kweupe, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba zimelowa. Kule Nakaloke, mke alimwambia mumewe, "Chakula kiko kwa sufuria, jipakulie," na mume, badala ya kuita wazee, alijipakulia. La kutisha zaidi lilipigiwa mstari mwekundu mara mbili: katika nyumba kadhaa za Mbale, firigisi ya kuku ilikuwa inaliwa na yeyote aliyeiwahi.

Msomaji aelewe kwamba firigisi si nyama. Firigisi ni cheo. Mke huipika nzima, huiweka juu ya bakuli, hupiga magoti, na mume huila bila kumtazama mtu. Ikikosekana, kuku huyo amekufa bure. Kwa Kirunda haikukosekana hata mara moja katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Mkewe, Twaibah, alikuwa mfanyabiashara wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alinunua Masese, akauza Mbale kwa jumla, akasomesha watoto, kisha akarudi nyumbani kupiga magoti. Kirunda alimwona mke wa mfano. Hata mahari yake ilikuwa nyepesi: siku ya nikaha, kwao Nakaloke, alitaja kitu kidogo mno, wazee wakacheka, na Kirunda akatia sahihi daftarini bila kusoma, kama anavyotia sahihi kila kitu mpaka leo.

Kampeni haiwi kampeni bila kaulimbiu. Barua kutoka juu ilitaka iandikwe kwa Kiswahili, na hapo Kirunda alijiona ameletewa bahati mlangoni. Zamani, alipokuwa akiuza mayai karibu na kambi ya jeshi, afande mmoja alimcheka mpaka machozi kwa kusema "kalibu" na "habali". Aibu ile haikumtoka. Akaapa kwamba herufi l haitamkamata tena, na tangu hapo kila l aliyoitilia shaka aliigeuza r, nzito, ya kutetemesha meno. Alisema "serikari". Alisema "Mbare". Hakuna aliyemsahihisha, maana alikuwa na mihuri.

Akampigia simu Wamboga, mpiga chapa wa Mbale.

"Andika kwa herufi kubwa: Kila mke ajue mahari yake."

"Mahari, bwana?"

"Mahari! Kwani wewe Kiswahiri umesomea wapi?"

"Nimesikia, bwana. Yaani mke ndiyo aijue?"

"Sasa nani? Bwana yake anaijua toka zamani. Shida ni huyu mke. Anatoka, anazunguka, anasahau mahari yake iko wapi."

Wamboga alifikiri kidogo. "Hiyo ni kweli kabisa. Hata dada yangu, yake hatujui iko wapi."

"Umeona! Piga chapa erfu mbiri."

Alichokusudia Kirunda, bila shaka, ni mahali: kila mke ajue mahali pake, nako ni jikoni. Watu wa shule wangesema "pake", lakini huku kwetu ngeli hazimsumbui mtu. Wamboga alimtumia nakala ya kwanza kwa simu. Kirunda akaisoma kwa sauti, ikasikika sawasawa na alivyoitamka, akaipitisha.

Mabango yalibandikwa Masese kwenye mizani ya samaki, Nakaloke sokoni, na Mbale kila ukuta uliosimama. Haikupita wiki, Nabifo, karani wa masijala, akaingia ofisini kwa Kirunda bila kubisha.

"Afande, wanawake wamejaa kwa ngazi. Wamesoma bango. Wanataka kujua mahari yao."

Kirunda nusura atokwe na machozi. "Wamekuja wenyewe? Bira askari?"

"Wenyewe. Kuna Nandutu wa duka la vitambaa. Anasema ameolewa miaka kumi na hajawahi kuonyeshwa."

"Hajaonyeshwa mahari yake? Na bwana yake anaona sawa?"

"Anaona sawa tu, afande. Na mwingine huyu, yake bwana ameikalia."

Kirunda akamwona kichwani mwanamume mzima ameketi kwenye kigoda cha jikoni, mbele ya mafiga. Akapiga meza. "Ameikaria! Mwanaume anakaria mahari ya mke! Nabifo, chukua karamu."

Nabifo, aliyekwisha kuzoea kwamba bosi wake hamaanishi sherehe, alichukua kalamu. Ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Moja: kila mume amwonyeshe mkewe mahari yake mbele ya mashahidi, kabla ya siku ya uzinduzi wa kampeni. Atakayeshindwa atavuliwa ukichwa wa nyumba, na mkewe atashika nafasi yake pamoja na stahiki zake zote, ili mume huyo aone aibu.

"Bila kujali cheo, afande?" Nabifo aliuliza. "Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa. Hata mimi."

Nabifo aliliandika hilo kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake. Hakuwa mjinga, na yeye pia alikuwa na mume. Kirunda akagonga mihuri yote mitatu.

Siku zilizofuata, Mbale ilichangamka. Wanaume walionekana wakikimbia na vyerehani begani. Mmoja alivuka barabara kuu akivuta ng'ombe aliyemwahidi mkewe enzi ng'ombe huyo hajazaliwa. Mume wa Nandutu alionekana amejifunika godoro jipya kichwani, akiomba njia. Kirunda, akisoma taarifa kule Jinja kwamba waume wanatekeleza waraka kwa jasho, aliandika pembeni: "Mwitikio mkubwa."

Siku ya uzinduzi, Katibu Mkuu wa wizara alifika ukumbini Mbale kutoka Kampala akiwa na barua ya uthibitisho wa Kirunda ndani ya koti. Bahasha ilichungulia mfukoni, na Kirunda hakuiondolea macho. Katika hotuba yake, iliyorushwa moja kwa moja redioni, Katibu Mkuu alisoma kaulimbiu mara tatu, kama ilivyoandikwa, kwa sababu hotuba nayo aliandikiwa. Akausifu waraka, akasema hautamwacha mtu.

Likafuata onyesho la Familia ya Mfano. Twaibah alipanda jukwaani amevaa gomesi lake la kijani na mtandio, mikononi bakuli la kuku, firigisi imekaa juu. Kirunda akaandaa mdomo. Twaibah hakupiga magoti.

"Baba Fadhul, umesema kila mke ajue mahari yake."

"Ndiyo," Kirunda alisema, akitabasamia kamera. "Waambie watu. Mahari yako iko wapi?"

"Si wapi. Uliza ni nini."

Akamwita Sheikh Bruhan wa Nakaloke, aliyewafungisha ndoa. Sheikh alipanda taratibu na daftari kwapani, akavaa miwani, akasoma: "Muhammed Kirunda amemwoa Twaibah kwa mahari ya firigisi ya kila kuku atakayechinjwa nyumbani mwake, maisha yao yote. Bwana harusi amekubali. Sahihi yake hii hapa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kirunda aliinua macho kwenye bango, na kwa mara ya kwanza akalisoma kwa macho badala ya mdomo. Herufi moja baada ya nyingine.

Twaibah hakucheka. "Kwetu akichinjwa kuku, sisi wasichana tulipewa shingo," alisema. "Nikataka nikiolewa nipate kitu kimoja tu cha kunionyesha na mimi ni mtu pale nyumbani. Ukaweka sahihi. Miaka kumi na tisa nakuletea, kila mara nangoja useme, mama Fadhul, hii ni yako. Wewe unatafuna tu, unaangalia ukuta. Nimeumia, baba Fadhul."

Kirunda aliona haya, haya ya kawaida ya mtu, isiyo na muhuri.

Katibu Mkuu angeweza kuahirisha jambo, lakini Nabifo alishampa waraka mkononi. "Bila kujali cheo," alisoma. "Bwana Kirunda, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

Hapo simu ya Katibu Mkuu ikaanza kutetemeka mezani. Alikuwa mkewe, Kampala, na redio ya nyumbani kwao haizimwi. Aliifunika simu kifudifudi. Ikaendelea kutetemeka, ikatembea yenyewe mpaka kwenye glasi ya maji.

"Waraka utekelezwe," alisema kwa haraka. "Tufunge kikao."

Kirunda alithibitishwa siku ileile, kwa sababu barua ilikuwa imeshapigwa chapa na hakuna aliyejua utaratibu wa kuifuta. Ila kwa mujibu wa waraka alikuwa si kichwa cha nyumba tena, na stahiki zake zote zilipaswa kwenda kwa aliyeshika nafasi yake. Kwa hiyo kiti cha kuzunguka kilipofika kutoka Kampala, kimefungwa nailoni, wapakuaji walipita mlango wa ofisi wakakipeleka nyumbani, na Twaibah akasaini kukipokea. Alisoma karatasi yote kwanza.

Ijumaa ya kwanza Kirunda alichinja kuku, akamnyonyoa, akampika. Firigisi iliungua upande mmoja. Akaibeba hadi sebuleni, alikoketi Twaibah kwenye kiti, akijizungusha polepole kulia na kushoto. Kiti kilikuwa kimeshushwa chini kabisa, na bakuli lisingemfikia bila Kirunda kupiga magoti. Akapiga.

"Mama Fadhul," alisema kwa unyonge, jicho likiwa kwenye kile kiti, "lakini hapo ni mahari yangu."

Twaibah aliichukua firigisi kwa vidole viwili, akamwonyesha.

"Mahari ni hii."

Akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha, bila kumtazama mtu. Kisha akazungusha kiti, akanyoosha kidole jikoni.

"Mahali ni kule."