Samaki Ndani ya Sava

Mundhir hakujua kitu katika kompyuta isipokuwa namna ya kuizima, na hata huko kuizima alikuwa akichomoa waya. Hilo halikumzuia hata siku moja kuzizungumzia. Mtu wa namna hii sisi Unguja humwita msemaji, na akivaa shati lililopigwa pasi tunamwita mtaalamu. Mashati ya Mundhir yalikuwa yamenyooka siku zote.

Basi mwaka ule wa 2006, alasiri moja, amekaa zake barazani Kiponda na kikombe cha kahawa, amekunja nne, akawasikia vijana wawili wenye digrii wakigombana. Hoteli mpya ya Paje ilikuwa inatafuta mkuu wa ulinzi wa kompyuta. Sharti awe na cheti cha kimataifa, na mtihani wa cheti chenyewe unafanywa Dar. Kazi ilikuwa moja na wao wawili, lakini walichogombania si kazi. Waligombania vitabu.

"Usisome kile chekundu, toleo lake limepitwa!"

"Chekundu ndicho! Hicho chako cha mtandaoni kaandika nani? Mjomba wako?"

"Na maswali ya mazoezi?"

"Yapo ya bure, ila nusu ya majibu ni makosa, na hujui nusu ipi."

"Na ile sura ya fishingi umeipata wapi?"

Mundhir akatega sikio. Fishingi? Uvuvi tena, kwenye kompyuta? Hakuuliza, maana mtaalamu haulizi. Alijiwekea neno hilo mfukoni kama mtu anayeokota kitufe njiani, huenda kikapata shati. Lakini jambo kubwa aliliona pale pale: watu hawa hawakukosa vitabu, walikosa mtu wa kuwaambia wasome kipi. Na kumwambia mtu la kufanya, huku hulijui, ndiyo kazi pekee aliyokuwa na kipaji nayo.

Tena alikuwa na haja na kazi, masikini ya Mungu. Mara mbili alikwenda kumposa Kawthar, binti wa Bwana Ghanim muuza friza na pasi wa Darajani, na mara mbili alirudi na biskuti tumboni na jibu lile lile.

"Mwanangu Mundhir," Bwana Ghanim alimwambia, "marehemu baba yako alikuwa sahibu yangu, nawe nakupenda. Lakini watu wakiniuliza mkweo anafanya kazi gani, niwajibu nini? Niseme anajua watu?"

Mundhir alimpenda Kawthar kweli. Hili nalisema mapema, kwa sababu mengine yote yanayomhusu bwana huyu ni uongo.

Basi akatoa meza barazani Mkunazini, akabandika tangazo: MSHAURI WA VITABU VYA MTIHANI. Juu ya meza, pa kuonekana, akaweka kitabu kimoja cha kweli, kinene kama mto wa kulalia, alichokiacha Mjerumani mmoja katika nyumba ya wageni. Hicho hakikuuzwa. Kazi yake ilikuwa kukaa pale na kumpa mwenyewe heshima. Kilichouzwa kilikuwa chini ya meza, ndani ya mfuko mweusi, na jina lake lilitajwa kwa kunong'ona: Maswali Yaliyovuja.

Maswali hayo yalivujia kwa Kificho, mwenye duka la fotokopi. Mundhir alimwendea akamwambia, "Nitafutie Kiingereza chochote, bora kiwe kizito, kiwe na michoro na maonyo. Halafu penye neno moja moja tia la kompyuta."

"La mambo gani hicho Kiingereza?"

"Usinambie! Nisichokijua sitakisema."

Kificho alikuwa mvivu, lakini mvivu mwaminifu. Hakwenda mbali. Alichukua kijitabu cha maelekezo kilichokuja na friza yake ya nyumbani, akakiingiza katika kompyuta ya duka, akaiamuru: popote penye friza, andika sava, yaani ile kompyuta mama inayohudumia nyingine. Kwisha. Ikatoka kazi safi kabisa. Usifungue mlango wa sava mara kwa mara, baridi itatoka. Usirundike samaki wabichi juu ya samaki walioganda ndani ya sava. Mundhir alikitia gamba la buluu bila ya kusoma hata mstari mmoja, kwani mpishi anayejua alichotia chunguni hali nyumbani kwake.

Na vikaenda, vitabu hivyo! Kila mnunuzi aliapishwa kwamba ni amana, asimwonyeshe mwenziwe. Waliokuta samaki walishtuka kidogo, kisha wakatikisa kichwa kwa hekima. Maana kweli wataalamu wa kompyuta wanao uvuvi wao: mtu anakutumia barua pepe ya uongo, inajifanya imetoka benki, nawe unaimeza kama changu anavyomeza chambo, unataja neno lako la siri. Wasomi wetu walijua hilo. Wakaona samaki, wakasema ndiyo hiyo fishingi, na nani atauliza mbele za watu aonekane mjinga?

Miongoni mwa wanunuzi alikuja Bi Maisara, mwanamke wa Tumbatu, fundi cherehani wa Malindi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Shikamoo Bi Maisara."

"Marahaba mwanangu. Nimetumwa. Kuna binti wa watu anataka kufanya huo mtihani wenu, anataka kitabu kizuri."

Binti wa nyumba ya heshima haji barazani kushindana bei, humtuma mtu. Na aliyetumwa haulizwi katumwa na nani. Mila hii Mundhir aliipenda sana, kwani katika biashara yake mteja asiye na uso hana pa kukudai.

"Mwambie akisome hiki," akanong'ona, akichungulia kulia na kushoto. "Wallahi akikimaliza, mtihani wenyewe utamwamkia yeye."

Alipoona mambo yamemnyookea, akavaa shati lake jeupe, akaenda dukani Darajani mara ya tatu.

"Ami, sasa mimi ni mshauri."

"Wa nini?"

"Wa mtihani wa ulinzi wa kompyuta. Vijana wote wa mji huu wanapita kwangu."

Bwana Ghanim aliweka chini pasi aliyokuwa akiifuta vumbi. "Na wewe hicho cheti unacho?"

"Bado, ami."

"Ala! Unawaonyesha wenzako njia ya Makka, nawe hujafika Bububu?" Akacheka, kisha akamwonea huruma. "Haya sikiliza. Kapate cheti, upate na ile kazi ya Paje, kisha njoo. Mbele ya Mungu, sitakurudisha tena."

Sasa hapo ndipo ujanja ulipogeuka kuwa homa. Mundhir alirudi mezani kwake akatazama mali yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alihitaji kitu cha kweli. Akakifungua kile kinene cha Mjerumani. Akasoma ukurasa wa mwanzo. Akaurudia. Alipoamka, muadhini alikuwa akiadhini na shavu lake limepigwa chapa ya mchoro.

Alikuwa bado anajipangusa alipotokea Bi Maisara, amekumbatia kitu ndani ya kanga.

"Mwanangu, yule binti kile kitabu chako hakitaki tena. Kapata chengine."

"Kipi?"

"Nnajua mimi? Cha kijani. Anasema kimetoka Dar kwa wenyewe wanaosahihisha. Mimi Kiingereza sikijui, ila nimeambiwa nisikitoe kwenye kanga."

Jamani, mtu aliyeuza maswali yaliyovuja mji mzima, mtu aliyeyavujisha mwenyewe kwa Kificho, moyo ulimdunda. Kumbe yapo ya kweli! Akasogea. "Bi Maisara, nionyeshe kidogo tu."

"Hakionyeshwi."

"Ncha yake tu."

"Ebo! Ncha ya amana ni amana." Alifunga kanga vizuri zaidi, akauma mdomo, akatazama meza. "Ila ana shida moja, mtoto wa watu. Hiki cha kijani chembamba, akitembea nacho watu hawamwoni kuwa msomi. Angependa kinene. Mfano wa hicho chako hapo. Cha kijani ashakisoma."

Mundhir alikaribia kucheka kwa sauti. Anataka unene! Aliinama ili uso usimsaliti, akakinyanyua kitabu cha Mjerumani kwa mikono miwili, akampa. Bi Maisara akakipokea, akakipima uzito kama anayenunua nyama, akamwachia kanga na kilichomo.

Usiku ule alikifungua cha kijani, na mstari wa kwanza tu ukamkuta na samaki. Samaki! Akakumbuka wale vijana wa Kiponda, akapiga goti lake kwa furaha. "Fishingi hiyo!" Machozi yalimtoka. Alimwona Kawthar amevaa dhahabu, alimwona Bwana Ghanim akiwaambia watu kazi ya mkwewe kwa sauti kubwa. Akakihifadhi kitabu chote kwa moyo, na maonyo yake, na nyuzi zake za baridi, mpaka akawa anakisoma usingizini.

Mtihani wa Dar sitaueleza sana, kwa heshima ya wafiwa. Alitafuta barafu hakuiona. Lilikuja swali moja la fishingi, la mfanyakazi aliyeletewa barua pepe ya uongo, akashukuru Mungu, akachagua "zima umeme mara moja", maana ndivyo kitabu kilivyosema. Mashine ilimpa matokeo hapo hapo, na haikuwa na adabu ya kumvuta pembeni. Kwa aibu alijificha kwa shangazi yake Magomeni mpaka shangazi alipoanza kumuuliza mchele unauzwaje Unguja. Akarudi, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Ghanim kuomba muhula.

Nyumba aliikuta imejaa. Nyuma ya pazia wanawake wanacheka, sharbati inazunguka.

"Karibu, karibu! Umekuja siku njema," Bwana Ghanim akamshika mkono. "Kawthar kapata cheti. Na kazi ya Paje wamempa."

Bilauri aliyopewa Mundhir ilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Kawthar wetu?"

"Wangu. Na wewe je, mtihani?"

"Ami, ulikuwa na fitina. Niliyoyajua yote hawakuniuliza."

Pazia likatikisika. Ikatoka sauti ya Kawthar mwenyewe. "Bwana Mundhir, mimi n'takuuliza. Sava ikijaa barafu, la kwanza unafanya nini?"

Alijibu hata pumzi hakuvuta. "Unazima umeme, unatoa samaki wote, unawafunga katika magazeti, unaacha mlango wazi barafu iyayuke yenyewe, wala usikwangue kwa kisu!"

Bwana Ghanim aliweka bilauri yake chini pole pole. "Subhanallah. Hayo si ya kompyuta. Hayo ni ya friza, nawaambia wateja kila siku!"

Bi Maisara akaangua kicheko nyuma ya pazia mpaka akakohoa.

"Ndicho kitabu ulichomuuzia Bi Maisara," alisema Kawthar. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nimekulia ndani ya maboksi ya friza, Mundhir. Mistari miwili tu nikakijua. Tukakivua gamba la buluu tukakivisha la kijani. Nami nilikihitaji kile kinene, hakiuzwi mji mzima. Kitabu kizuri, ahsante sana. Kina sura nzima ya watu wanaohadaa wenzao, imekueleza wewe vizuri, imekosa jina tu."

Masikio ya Mundhir yalikuwa ya moto. Aliona haya, haya ya kweli, na jambo la ajabu, alimpenda zaidi. Akajikaza akasimama mbele ya pazia.

"Nimekosa, Kawthar. Mimi ni tapeli, sikatai. Lakini hata tapeli hutubia. Nambie, posa yangu ina nafasi?"

Kawthar alipojibu, sauti yake haikuwa na kejeli.

"Ungekuwa tapeli tu ningekufikiria. Waliouza uongo mji huu ni wengi, na wana wake na watoto. Lakini wewe umeununua uongo wako mwenyewe, ukauhifadhi kwa moyo, ukapanda nao boti mpaka Dar. Sasa nijibu, Mundhir. Watoto wetu wangechukua akili za nani?"

Bwana Ghanim, kwa adabu ya mwenye nyumba, alimgeukia kungojea jibu. Na Mundhir, msemaji yule, alilitafuta kwa dhati, akilitafuta ndani ya bilauri, mpaka sharbati ikamalizika na adhana ya magharibi ikampa ruhusa ya kuondoka.