Dhahiri kwa Nani?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimegundua kosa langu. Nilichagua shahada ya hisabati kwa sababu namba hazikuulizi habari za nyumbani. Unakaa nazo kimya, unazijumlisha, unaondoka. Leo mhadhiri ametangaza kwamba Ijumaa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasimama ubaoni na kuthibitisha jambo moja mbele ya darasa. Kwa mdomo! Atakayeshindwa atahamishiwa kozi nyingine. Inasemekana ni mawasiliano ya umma. Mimi, ninayetokwa na jasho nikimsalimia mpishi wa kantini!

Jambo langu: thibitisha kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa. Hili si la darasa la tatu? Tatu na tano, nane. Saba na tisa, kumi na sita. Nimejaza karatasi mbele na nyuma. Rasimu inatakiwa kesho. Akiona mifano ilivyo mingi, atanisamehe kusimama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Rasimu imerudi. Chini ameandika kwa wino mwekundu: "Na zilizobaki?"

Zilizobaki hazina mwisho. Nimempigia mama, nikamweleza kwamba hisabati ya huku ni herufi tupu. Akauliza kama nina uhakika niliingia jengo sahihi.

Mwenzangu wa chumba hana shida. Tunamwita Kidole, maana chake hakishuki darasani. Hata bwenini, ukiuliza nani kachukua ndoo, anainua kidole kwanza. Ameahidi kuniuliza swali Ijumaa, ati anisaidie. Adui yangu nalala naye chumba kimoja.

Mpango mpya. Nimechunguza: mhadhiri akichoka kueleza, huandika "ni dhahiri kwamba", kisha anaruka mistari mitatu. Hakuna anayethubutu kuuliza, hata Kidole. Basi rasimu yangu ya pili ina sentensi moja tu: Ni dhahiri kwamba witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa. Nimeisoma tena na tena. Inapendeza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ameandika: "Kwa nani?"

Tena ameisoma sentensi yangu darasani, bila kunitaja, lakini macho kwangu. Amesema anayeona mambo ni dhahiri ndiye atakayefungua dimba Ijumaa. Kidole alicheka hadi miwani ikamdondoka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepoteza sauti. Yaani, nimeamua kuipoteza. Skafu shingoni, kunong'ona tu. Kidole ameingiwa na huruma, jambo linalokera sana. Amenichemshia maji ya limau, kisha akakimbia kumweleza mhadhiri. Amerudi na jibu: nisiseme neno. Niandike tu ubaoni, chaki itatosha.

Ushindi!

Nimeshinda chumbani nikifanya mazoezi ya kuandika. Ajabu, nimeanza kuelewa. Witiri ni shufwa iliyoongezewa moja. Witiri mbili zikikutana, zile moja mbili zilizokuwa pweke zinapata wenzi. Basi! Na zilizobaki zote zimo humo humo, bila kuzitaja. Nilikaa kitandani nikitabasamu kama mtu aliyeposwa. Sitaki mawasiliano ya umma. Nataka kubaki hapa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilikuwa wa kwanza. Niliandika kimya, mwandiko wa kupendeza. Witiri ya kwanza: 2n + 1. Witiri ya pili: 2n + 1. Kabla sijafika kwenye jumla, kidole kikapaa. Cha nani, si lazima niandike.

"Samahani, mwalimu. Witiri zake mbili ni moja. Tatu na tatu itapita. Tatu na tano je?"

Nikatazama ubao. Kweli. Herufi ileile mara mbili! Naye Kidole alikuwa anafungua mdomo kutoa dawa.

"Nyamaza, bibie, usiniharibie! Nimeiona mwenyewe!"

Sauti yangu. Yote. Ilifika viti vya nyuma.

Darasa likaangua kicheko, lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kuacha. Nikafuta n ya pili, nikaweka m. Nikaeleza kila hatua huku nikigonga ubao: jumla ni 2n + 2m + 2, toa mbili nje ya mabano, kinachobaki ndani ni namba kamili, jumla ni mara mbili yake, basi ni shufwa. Chaki ikakatika. Nikaendelea na kipande.

Mhadhiri alisubiri kelele zitulie.

"Sauti imepona," akasema. "Na uthibitisho umesimama. Unabaki hapa, binti."

Kidole alipiga makofi kuliko wote. Simwelewi kabisa huyu mtu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimempa mama habari njema. Alipiga kigelegele, kisha akaniuliza siri ya mafanikio. Nikamwambia ukweli: skafu. Nimeivaa mara moja, nimefaulu; basi kila nikiivaa nitafaulu.

Mhadhiri amebandika tangazo. Mwezi ujao tutasimama ubaoni wawili wawili, na mimi nimepangwa na Kidole. Tayari ameniandalia ratiba ya mazoezi, na humo amenichagulia rangi yangu.

Leo asubuhi nimeanza kuchechemea. Kidogo tu, mguu wa kushoto, ili watu wauzoee kabla ya mwezi ujao.