Gunia la Matoleo na Mguu Uliokataa

Siku ya tano, 10 octobre. Butembo.
Kiuno kinaniuma tangu mavuno. Moto unashuka mpaka kidole cha mguu. Sijaambia mutu. Siku ya yenga, kesho kutwa, ni matoleo ya parokia, na jirani Katungu ametangaza: atapeleka gunia la viazi mbele ya altare, kamba kwenye paji la uso, kama mama zetu. Eti mimi nimezeeka, nibebe mayai. Mayai! Mama ya docteur! Nimeagiza gunia la viazi toka Kipese. Linanishinda unene.

Siku ya posho, 11 octobre.
Nimejaribu gunia uani. Mgongo ukalia tak! Sasa miguu yote miwili ni ya mutu mwingine. Nimekaa, sijui kama ni kiti ao hewa. Mukojo umekataa. Nikakunywa kasiksi, pombe ya ndizi iusukume. Bure!

Binti yangu Nadège, anayemaliza udaktari, akafika. Akaniambia niinue kidole gumba cha mguu. Nikainua mguu kwa mkono, chini ya pagne niliyojifunga. Akafunua pagne. Kisha akauliza polepole kama nikijipanguza chooni nasikia mkono wangu. Mungu wangu! Nani alimwambia? Nilizaa mutoto ao nabii?

Nikasema misa ipite kwanza. Akasema hapana: mguu kuuma tu kunaweza kungoja kupimwa. Lakini makalio kufa ganzi, mukojo kufunga, miguu kulegea, hiyo ni hospitali saa hii hii, ama sitatembea tena. Akaanza kupiga simu kutafuta gari. Nikatii. Mimi!

Gari mpaka Beni, nimelala juu ya godoro. Tulipopita parokia, Katungu alikuwa anafanya mazoezi na gunia. Nikampungia mkono kama gavana.

Siku ya kwanza, 20 octobre. Beni.
Walinipasua mgongo siku ile ile. Leo wametoa mupira uliokuwa unapitisha mukojo. Nikangoja, rozari mkononi. Ukatoka wenyewe, kama kijito cha milimani! Nikalia. Nadège akalia. Halafu kidole gumba kikainuka kidogo, kama kifaranga kinachochungulia toka ndani ya yai. Kidole kimoja tu, na nikaona mbingu.

Nimeeleza dalili kwa wagonjwa wote wa chumba. Nimesema nilizitambua mwenyewe.

Siku ya ine, 23 octobre.
Docteur amekataza mizigo. Vizuri kabisa. Katungu amekuja kunisalimia, amelia kweli, maskini. Akasema katika misa ya shukrani ya kupona kwangu, yeye atabeba gunia.
Yeye? Kwa shukrani yangu?
Nimeomba dada yangu Kavira aniletee ile kamba ya kubebea gunia. Aifiche chini ya majani ya sombe, Nadège asione.