Nilivyomwazima Baba

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Tamasha la makumbusho ni Jumamosi. Sanaa za dini na kazi za mikono. Fundi bora ataajiriwa mwaka mzima kufundisha kuchonga. Kazi ile ni yangu! Tatizo ni Dena wa Dabaso. Amechonga marfaa ya kuwekea Msahafu, ubao mmoja, inakunjwa na kukunjuliwa bila msumari. Mimi nimechonga ya kuwekea Biblia. Yangu inakunjwa tu. Kukunjuka imekataa. Dena alipita karakana yangu hapa Shella, Malindi, akaitazama, akaniuliza kwa adabu zote kama ni mbuzi ya kukunia nazi. Simsamehe.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Kigango cha baba. Mzee Fondo alipofariki tulimsimamishia kigango nyumbani Ganze, mti uliochongwa ili koma, roho yake, ipate pa kukaa. Aliyekichonga naye ni marehemu, hatadai sifa. Mama humsalimia baba hapo kila asubuhi kabla hajaonja kitu. Najua, kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Lakini mimi sihamishi. Naazima. Mtoto kuazima kwa babake ni kosa gani?

Alhamisi, 7 Agosti
Mama alikwenda kuchota maji. Kwa Ganze hiyo ni nusu siku. Nikachimba. Baba mzito! Nikamleta Malindi kwa lori la makaa, amefungwa mkekani baina ya magunia. Dereva, Gitau, aliuliza ni nini. Nikamwambia ni nguzo ya kanisa. Akavua kofia.
Jioni nimemfungua vitambaa alivyovishwa, vimechakaa mno. Nimemsugua rangi ya viatu. Anang'aa. Vitambaa nimefutia mikono.

Jumamosi, 9 Agosti
Sijui nianzie wapi.
Mambo yalianza vizuri. Bi Jedida, mwandalizi wa tamasha, alisimama muda mrefu mbele ya meza yangu, namba kumi na nne. Akasema kazi hii ina roho. Nikamwambia imenichukua wiki tatu. Dena akageuka kuipangusa marfaa yake. Nilifurahi kumwona hivyo.
Ndipo nikamwona mama akipenya katikati ya watu, miguu imejaa vumbi. Alikuja kunitafuta mimi. Hata salamu hakungoja. Alisema wezi wamemchukua babangu, hao wanaowauzia watalii, na mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, twende tukamtafute. Macho yake yakapita begani kwangu, yakatua kwa baba.
Hakupiga kelele. Alivua leso mabegani, akamfunga baba kiunoni, taratibu, akimwomba radhi kwa kuachwa uchi mbele za watu. Bi Jedida alimwamkia shikamoo, akamuuliza kama anamjua fundi wa kazi hii. Mama akajibu kwamba fundi hamjui. Ila huyu ni mume wake.
Aibu niliyoiona sijawahi kuiona. Majaji walikuwa meza ya tatu kutoka kwa Dena, wakimkaribia. Naye akaiacha marfaa yake pale, akaja kubeba upande wa kichwa. Mimi nikabeba chini. Mama alitembea pembeni, mkono juu ya baba. Mimi hakunitazama.

Jumapili, 10 Agosti
Ganze. Wazee wamesema kigango kilichong'olewa hakirudi shimoni hivi hivi. Wanataka mbuzi, tembo la mnazi, na siku watakayoichagua wao. Mpaka hapo baba amelazwa kando ya ukuta, na leso ya mama kiunoni. Mama amekaa kando ya shimo tupu tangu asubuhi. Nilimpelekea uji, akausukuma. Aliniuliza jambo moja tu: akifa yeye, nitamwacha atulie?
Nililia. Nililia kweli, wala haikuwa hila.

Jumatano, 13 Agosti
Siku tatu mama hajasema nami. Nimewaza mpaka kichwa kimeniuma, na jibu nimelipata! Mama anaogopa hatatunzwa akishafariki. Basi nitamchongea kigango chake sasa hivi, angali hai, akione kwa macho yake na moyo wake utulie. Najua walio hai hawachongewi. Lakini mimi sichongi cha maiti, nachonga mapema tu. Na kwa kuwa hakitakuwa na kazi kwa sasa, mwakani kinaweza kupita kwenye tamasha. Bi Jedida atakipenda.
Gogo zuri nimelipata, limenyooka. Kesho nitamwomba mama asimame wima nimpime urefu.