Unga Uliokunywa Harufu ya Kwetu

Kawajense, Mpanda
11 Februari 1997

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Kemia,

Mimi ni mjomba wa mwanafunzi wako Elias, aliyeniletea Krismasi kichupa cha unga mweupe wa silika mnaoutengeneza huko, niuweke kwenye sanduku langu la bati ili vitabu visiote ukungu wakati wa mvua. Niliuweka. Vitabu ni vikavu. Hata hivyo ninalalamika, kama ifuatavyo:

1. Unga huu hauna mwenendo unaoeleweka. Niliupima kila jioni kwa mizani ya jirani anayenunua dhahabu. Wiki nzima uzito wake uliongezeka kidogo sana. Hewa ilipolowa zaidi kidogo, ukabugia unyevu kwa siku moja. Elias anasema ndivyo ulivyo: una vitundu visivyoonekana kwa macho, kwanza hulowa kuta tu, kisha unyevu ukifika kiwango fulani vitundu vyote hujaa kwa pamoja. Mgeni wa namna hiyo hatumwachi peke yake na chungu.

2. Haukuishia kwenye maji. Ndani ya sanduku kuna kitenge cha marehemu mama yangu, nilichovuka nacho mpaka kutoka Burundi mwaka 1972. Kila Jumapili baada ya misa hufungua, nikanusa mlima wetu wa Bururi, nikafunga. Jumapili tatu sasa hakinuki chochote. Kichupa kiko pembeni yake, kimenyamaza.

3. Elias ameniandikia kwamba vitundu hivyo vilijengwa na sabuni. Sabuni hujipanga ndani ya maji kama fito, silika ikagandia juu yake kama udongo wa kukandika nyumba, halafu nyie mkazichoma fito zote, vyumba vikabaki. Mimi pia nilijenga nyumba nikatolewa. Kitu kilichopata vyumba vyake kwa njia hiyo kingepaswa kuwa na aibu kidogo mbele yangu.

4. Kuta za vitundu vya unga wa kichupa kimoja zikikunjuliwa, zinazidi uwanja wa mpira. Sasa gunia la unga huu likipasuka sokoni Makanyagio, dagaa hawatanuka, tumbaku itakataliwa, na afisa atakayekuja kuhesabu wakimbizi ataninusa asikute dalili kwamba niliwahi kutoka mahali popote.

Kwa hiyo naurudisha unga kwa rejista. Upasheni moto taratibu kwenye chombo kilichofungwa, mkusanye kitakachotoka, mniletee kwenye chupa yenye kizibo. Elias anaonya kwamba unga huu hauachii kwa njia ileile uliyopokelea, kwanza hung'ang'ania. Msiharakishe. Nina mazoezi ya miaka ishirini na mitano ya kusubiri.

Nisalimie Elias, wenzake wote, na yeyote anayewaoshea vyombo.

Anayedai kwa upole,
Evarist Ntirampeba

N.B. Kabla ya kuifunga barua nimemsomea mke wangu, Eufrazia. Amesema, "Baba Imakulata, usiitume." Kumbe kitenge kiliacha kunuka mwaka 1979. Tangu hapo yeye huweka majani mabichi ya mkaratusi chini yake kila Jumamosi, nami sikujua. Wiki hizi tatu alikuwa Majimoto kwa binti yetu aliyejifungua, amerudi jana. Majani huyachuma nyuma ya choo cha Mzee Maduhu. Nimekwenda kuunusa mti wenyewe. Harufu ndiyo ile ile. Nimesimama pale mpaka Maduhu akatoka kuniuliza, "Mzee mwenzangu, unasubiri zamu?" Nikamwambia hapana, nimeshafika.